Maswali ya wachora ramani: leo ni leiauti

Maswali yamejaa, na nusu yake ni swali lile lile limebadilishiwa shati. Nimechagua machache ya leiauti, yaani ule ukurasa wa programu unapopanga michoro kwenye karatasi kabla ya kuchapa. Karibu wote mnachora kwa programu ya AutoCAD. Wa ArchiCAD na Revit mtavumilia, karatasi ni ile ile.

Shikamoo mzee. Nimeandika "Skeli 1:100" lakini nikiweka rula juu ya karatasi, chumba cha mita 4.5 kinasoma sentimita mbili na kitu. Kosa liko wapi? (Morogoro)

Marahaba. Mchoro wako mzima, karatasi ndiyo mgonjwa. Kwa 1:100 chumba hicho kilipaswa kuwa milimita 45. Ukipata 22 na nusu, ujue ramani iliandaliwa kwa A1 ikachapwa kwenye A3, ambayo kila upande wake ni nusu ya A1. Sasa una ramani ya 1:200 inayojitangaza kuwa 1:100.

Mara nyingi ni yule kijana wa steshenari na kitufe chake cha kujaza karatasi. Mpe PDF, mwambie achape kwa ukubwa halisi, asilimia 100, na upime mstari mmoja kwa rula kabla hujatoa hela. Na wewe ukiwa kwenye leiauti, skeli ya kuchapia ni 1:1 siku zote. Anayechapa moja kwa moja kutoka Modeli, kule nyumba inakochorwa, na kuiacha programu ijipimie yenyewe amechapa picha ya nyumba.

Niliwahi kufika saiti nikamkuta fundi kashika A3 ya namna hiyo mkono mmoja, rula ya shule mkono wa pili. Upana wa choo haukuandikwa, kwa hiyo akaupima kwenye karatasi: milimita 9. Akasoma sentimita 90. Choo kilitakiwa kuwa mita 1.8, na kozi tatu za tofali zilikuwa zimeshapanda. Fundi alisoma kilichoandikwa. Ramani ile nilikuwa nimeichora mimi.

Tangu siku hiyo nachora rula ya skeli chini ya kila mchoro, maana karatasi ikisinyaa nayo inasinyaa, na naandika "1:100 kwa A1", siishii kwenye 1:100. Na vipimo naviandika vyote, hata vya choo.

Nichore kwa skeli gani? (Wengi mno)

1:1. Mita moja ya ukuta ni milimita 1000 kwenye Modeli. Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Anayegawa kwa mia kwa kalkuleta ili nyumba "iingie kwenye A4" arudi kwenye penseli na ubao, huko ndiko hesabu hiyo inakohitajika.

Kaka, kila nikirudi kwenye leiauti nakuta skeli ya kidirisha imehama. (Mwanza)

Umeingia ndani ya kidirisha, lile tundu la kwenye leiauti linaloonyesha mchoro wa Modeli, ukazungusha gurudumu la mausi. Kabla hujatoka, piga ZOOM kisha 1/100XP (ndiyo 1:100), halafu bonyeza ile alama ya kufuli kule chini. Hiyo ni kwa aliyechora kwa milimita. Uliyechora kwa mita andika 10XP, usije ukaniuliza kwa nini nyumba imekuwa nukta.

Fremu ya kidirisha inatokea kwenye chapa. Nifanyeje?

Ipe leya (tabaka la mchoro) yake, kisha uzime alama ya printa ya leya hiyo. Wanaoitupia Defpoints, leya ya programu yenyewe isiyochapwa, wanafanikiwa pia, lakini leya hiyo si jalala.

Nina plani, mionekano minne (nyumba ikitazamwa kila upande), mkato mmoja (nyumba ikikatwa wima) na jedwali la milango. Nazipangaje kwenye A1 moja zisiwe kama gulio? (Kigamboni)

Swali zuri, la kwanza mwezi huu. Anza na hesabu, mausi baadaye. A1 ni milimita 841 kwa 594. Toa 20 kushoto kwa ajili ya kutoboa na kuweka kwenye faili, toa 10 pande zilizobaki: una 811 kwa 574. Tuseme nyumba ni mita 14 kwa 11. Kwa 1:50 plani inakula 280 kwa 220. Ongeza 30 kila upande kwa vipimo, inakuwa 340 kwa 280. Mkato wa kukata upande mfupi, na nafasi yake, unataka kama 280. Jumla 620 kwa upana, zimebaki 191, na kisanduku cha jina cha milimita 180 kinakaa kulia chini bila kusukumana na mtu. Jedwali la milango lipande juu yake, safu hiyo hiyo.

Juu umebakiwa na karibu 290. Mionekano minne ukiipanga mstari mmoja kwa 1:50 ingetaka milimita 1000, haiingii. Kwa 1:100 inataka 500, inaingia na pumzi inabaki. Usawa wa ardhi wa yote minne uwe mstari mmoja, usipandishe mmoja kwa vidole vitatu kwa sababu uliona nafasi. Skeli iandike chini ya kila mchoro, na kwenye kisanduku cha jina andika "kama ilivyoonyeshwa".

Nafasi tupu ikibaki, iache. Karatasi si daladala ya saa kumi na mbili jioni. Maandishi yawe milimita 2.5 juu ya karatasi, na kama unajua wazi kwamba saiti watapewa A3, tengeneza leiauti ya A3 kabisa. Ukisinyaza ile ya A1, maandishi yanakuwa milimita 1.25, sisimizi watupu. Na kabla ya kuchapa, soma jina la mteja kwenye kisanduku. Nimeona ramani ya mtu ikienda kuombewa kibali ikiwa na jina la jirani yake.

Mistari ya kukatika inatoka kama mstari mmoja mzima. (Dodoma)

Kwenye mipangilio ya skeli ya mistari, PSLTSCALE iwe 1, LTSCALE 1, kisha piga REGENALL programu ichore upya. Ikigoma, angalia kama faili lako lilianzishwa kwa inchi.

Mteja anasema mshale wa kaskazini unaharibu sura ya ramani. Ni lazima? (Tanga)

Lazima, na uelekee kaskazini kweli. Unaizungusha plani ili ilale vizuri kwenye karatasi, mshale unauacha umesimama wima kama askari wa gwaride: hapo umemhamishia mtu jua. Huko kwenu dirisha la magharibi ni jiko kuanzia saa tisa alasiri, na anayetaka chumba kipate upepo lazima ajue kaskazi inaingilia kaskazini-mashariki na kusi inatokea kusini. Fundi wa pwani anazijua pepo hizo kuliko wewe. Ila mshale uwekwe kwenye plani. Nimeshauona kwenye ukurasa wa mkato, sikujua ulikuwa unamwelekeza nani.

Bosi wa zamani aliniachia faili lenye muhuri wa msanifu kama bloku (kipande cha mchoro kilichohifadhiwa tayari kupachikwa). Naweza kuupanga kwenye leiauti yangu ili ramani ipite? (Jina tunalo)

Hapana. Muhuri ule ni wa mtu aliyesajiliwa AQRB, bodi inayosajili wasanifu majengo, naye ndiye atakayeitwa jengo likipasuka. Halafu utaitwa wewe. Mtafute msanifu, mlipe aipitie ramani yako, apige muhuri mwenyewe. Na hiyo bloku ifute leo kwenye kila leiauti, kisha upige PURGE, maana ukiifuta kwenye karatasi tu bado imo ndani ya faili, na faili unalituma kwa watu.