Kuhusu Makumbusho ya Magari ya Gaydon

Umeuliza iwapo British Motor Museum, iliyoko Gaydon katika mkoa wa Warwickshire nchini Uingereza, inamfaa mtu anayependa magari ya majaribio kuliko yale yaliyofika sokoni. Inamfaa sana, ila usiishie kwenye jengo kuu: ingia pia Collections Centre, jengo la pili lililofunguliwa mwaka 2016, ambamo magari ya akiba yamehifadhiwa.

Mimi ningetumia muda mwingi kwa 9X, gari dogo ambalo Alec Issigonis, mbunifu wa gari maarufu la Kiingereza liitwalo Mini, alilibuni mwishoni mwa miaka ya 1960 ili lirithi nafasi ya Mini, likiwa fupi zaidi kwa nje lakini lenye nafasi zaidi ndani, na ambalo wakubwa wa kampuni iliyounda Mini hawakuliruhusu kuundwa kwa wingi; kwa maoni yangu, hilo lilikuwa kosa kubwa. Itazame pia Rover-BRM, gari la mbio lililoendeshwa kwa injini ya turbini ya gesi, ya aina inayofanana na za ndege, na kushiriki mbio za Le Mans nchini Ufaransa mwaka 1963 na 1965. Land Rover za mwanzo zipo pia, nasi Afrika Mashariki tunazifahamu vyema.