Field ya uchechemuzi wa afya: anza na kalenda ya halmashauri

Wanafunzi wengi wa afya ya jamii huenda field kati ya Julai na Septemba, na kwa kazi ya uchechemuzi, yaani kuwashawishi wenye mamlaka wachukue hatua, muda huo una mtego. Mwaka wa fedha wa serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai. Bajeti ya halmashauri imeshapita, na barua ya kuomba jengo la wazazi utakayoiandika Agosti, hata iwe nzuri vipi, haina pa kwenda mpaka mipango ya mwaka unaofuata ianze. Basi ukipata nafasi kwenye asasi, usiombe kazi ya kudai fedha mpya. Omba kufuatilia kile ambacho tayari kimepangwa.

Dawa ni mahali pazuri pa kuanzia. Chukua zahanati 3 na dawa 5: mseto ya malaria, amoksilini, oksitosini, ORS na zinki. Fungua leja ya stoo, hesabu siku ambazo salio lilikuwa sifuri kuanzia Aprili mpaka Juni, yaani siku 91. Kisha andika tarehe maombi yalipotumwa, tarehe mzigo ulipofika, kiasi kilichoombwa na kilicholetwa. Safu hizi nne wengi huziruka, nazo ndizo zinazoonyesha mlango wa kubisha. Maombi yakichelewa kutoka, zungumza na mganga mfawidhi na kamati ya usimamizi ya zahanati. Yakienda mapema na mzigo usifike, suala liko juu yao: kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na Bohari ya Dawa. Ukimfuata diwani na neno "dawa hakuna" peke yake, atakupa pole.

Barua ya utambulisho ya chuo iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, nakala kwa Mganga Mkuu, wiki 3 kabla hujaripoti. Mfawidhi anayekunyima leja kwa kukosa kibali anafanya kazi yake. Taarifa nyingine unaweza kuziomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotoa hadi siku 30 za kujibiwa. Field ya wiki 8 ina siku 56 tu, kwa hiyo ombi hilo litoke wiki ya kwanza. Rejesta za MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya) zina majina ya wagonjwa. Usizipige picha kamwe, hata kwa kumbukumbu zako.

Mwisho andika ukurasa mmoja wenye ombi moja. "Huduma ziboreshwe" si ombi, maana hakuna anayeweza kulikubali wala kulikataa. "Kamati ya zahanati itume maombi ya dawa kabla salio halijafika akiba ya mwezi mmoja, kuanzia robo ijayo" ni ombi. Jedwali lako liache asasi likiwa na tarehe na jina la kila zahanati, ili Novemba, maandalizi ya bajeti yakianza, mwenzako alifungue bila kukupigia simu.