Maswali ya Wasomaji: Riwaya Bila Mtihani

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi tangu nimalize form four sijagusa riwaya, maana kule shule kila ukifungua ukurasa unawaza "fafanua dhamira tano kwa mifano", mpaka hamu ikaisha. Sasa hivi jioni nina muda kidogo nataka kurudi. Wewe umesoma nini karibuni kwa raha zako tu? Na useme ukweli, usitupigie debe. (Baba wa wawili, Morogoro)

JIBU: Pole kaka, ugonjwa huo hata mimi niliuugua, ulinitoka mwaka huu tu niliporudia Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ile ya 1999. Shuleni nilikariri kwamba inahusu ukoloni na ndoa za kulazimishwa, basi, nikafaulu nikasahau. Safari hii nimeisoma kitandani bila kalamu, kumbe ni stori ya mapenzi bwana! Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza ambaye ni mzee wa kumzaa kabisa, anamkimbia, watu wa kwao wanamfungia mlango, anaishia Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, kwa shoga yake Mwajuma. Na huyo Mwajuma ndo kaniteka zaidi, hana kitu lakini mlango wake uko wazi, anacheka, anasema ovyo, yaani kila akitoka kwenye ukurasa nilikuwa namsubiri arudi. Shuleni hakuna aliyewahi kuniuliza swali la Mwajuma.

Denge kwa kweli alinichosha kidogo. Najua ndiye mpigania uhuru, kasoma Urusi, mkoloni anamwinda, sawa, ila wakianza mikutano yao na wenzake naona mwandishi anataka kunifundisha nami nataka kujua Yasmin atalala wapi leo. Wengine watanipinga, na wapinge. Hata hivyo nilimaliza saa nane usiku na asubuhi nikapitiliza kituo kwenye daladala kwa usingizi, sasa kitabu kibaya kinaweza kukufanya hivo?

Kama unataka chepesi zaidi cha kuanzia, tafuta Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Ilitoka 1960 huko, maiti inakutwa mzimuni, watu wote wanasema ni mashetani, halafu anakuja mpelelezi Bwana Msa na kiko chake mdomoni anauliza maswali ya kijinga jinga ambayo baadaye unagundua hayakuwa ya kijinga hata moja. Kuna mahali watu wanaongea mno, ila kile Kiswahili cha Unguja mwenzangu, nilikuwa narudia mistari kwa sauti hadi nyumbani wakaniuliza naongea na nani.

SWALI: Riwaya ya Peponi ya Abdulrazak Gurnah, ya Kiswahili na ile ya Kiingereza (Paradise), ipi bora? Nina hela ya kitabu kimoja tu. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ya Kiswahili, chukua hiyo. Nimesoma zote mbili. Ya Kiingereza ni ya 1994, ya Kiswahili kaitafsiri Ida Hadjivayanis ikatoka 2022, mwaka mmoja tu baada ya mzee Gurnah kupewa Nobeli ya fasihi. Sisemi hivi kwa uzalendo. Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kama rehani ya deni la baba yake, na mtoto mwenyewe hajui, yeye anajua anasafiri na mtu wa familia, yule anayempaga sarafu kila akija kuwatembelea. Akifika dukani kwa Aziz, kijana wa duka Khalil anamwambia huyu si ndugu yako wewe. Kwa Kiingereza nilisoma nikapita, kwa Kiswahili nikasimama, maana kwa Kiingereza Yusuf anamwita ankal, na ankal ni yeyote yule hata jirani, ila kwetu ami ni ami na mjomba ni mjomba, ukiambiwa siye ni kama umevuliwa nguo barazani. Halafu hawa watu ni wa pwani na wa bara, wafanyabiashara wa misafara, sasa kuwasikia wanatukanana na kubishana dini kwa Kiingereza ilikuwa kama sinema imewekewa sauti za watu wengine. Safari ya kwenda bara ni ndefu, kuna kurasa nilisinzia sikatai, ila vumilia ufike kwa Chatu, yule mtawala wa huko bara.

SWALI: Ni dhambi kuacha kitabu katikati? (Mwanachuo, Dodoma)

JIBU: Ingekuwa dhambi ningekuwa nimeshaungua. Nagona ya Euphrase Kezilahabi nimeianza mara tatu, ni kijitabu chembamba kabisa, na mara zote tatu nimekwama, naona maneno yote nayajua ila nikiyaunganisha sielewi niko wapi, ni ndoto au ni kaburini au ni kichwani mwa mtu. Wapo wanaosema ndo kazi yake bora, sibishani nao. Mimi namkubali Kezilahabi wa Rosa Mistika, 1971, ambayo kuna kipindi ilipigwa marufuku mashuleni, na ukisoma Zakaria anavyompiga bintiye Rosa kisa barua ya mvulana utajua kwa nini nilikasirika mpaka nikaifunga mwenyewe, siku mbili sikuigusa. Huko nako ni kuacha katikati, ila nilirudi. Anza na hiyo mdogo wangu, Nagona tutaisoma wote tukishazeeka.