Insha ya kupangiwa darasa chuoni: maswali yenu na majibu

Wasomaji kadhaa waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani wameniandikia kuhusu jambo moja. Chuo kimeshawakubali, lakini kabla ya kuwasajili kwenye madarasa kinawataka waandike insha ya Kiingereza kwa muda maalumu. Maswali yaliyokaribiana nimeyaunganisha, na majina nimeyaacha.

Nimeshapata barua ya kukubaliwa. Nikifanya vibaya kwenye insha hii, wanaweza kuninyang'anya nafasi?

Hapana. Suala la kuingia chuoni limekwisha. Insha hii inaamua uanzie wapi: darasa la kawaida la uandishi la mwaka wa kwanza, au darasa la maandalizi lililo chini yake.

Ila usiichukulie kwa wepesi. Darasa la maandalizi unalilipia ada kama madarasa mengine, na katika vyuo vingi halihesabiki kwenye shahada. Unaweza kumaliza muhula mzima, na fedha zake, bila kusogea hatua moja kuelekea cheti. Kupangwa juu ya uwezo wako nako kuna madhara yake, kwa sababu mwalimu wa darasa hilo hatasimama kukufundisha kujenga aya. Kwa hiyo usitafute ujanja wa kuonekana mwandishi usiye. Tafuta kuonekana ulivyo ukiwa umejiandaa.

Desturi yenyewe ni ya zamani. Harvard ilianza kuwadai waombaji waandike insha fupi ya Kiingereza mwaka 1874, na malalamiko kuhusu uandishi wa vijana hayajakoma tangu hapo.

Mmoja ananiambia mtihani ni wa dakika 50, mwingine anasema hauna muda. Nimwamini nani?

Waamini wote wawili. Kila chuo kina utaratibu wake. WritePlacer, insha iliyo ndani ya ACCUPLACER, mtihani wa kupangia madarasa wa College Board, shirika la mitihani la Marekani, yenyewe haina kikomo cha muda, ila chuo kinaweza kuweka chake. Chuo Kikuu cha California kwa miaka mingi kilikuwa na mtihani wake wa saa 2: kifungu kirefu cha kusoma, kisha insha moja ya kukijibu.

Basi kabla hujaanza mazoezi yoyote, iandikie ofisi ya mitihani ya chuo chako uwaulize: muda ni kiasi gani, naandika kwa mkono au kwa kompyuta, ni swali fupi au kuna kifungu cha kusoma, naruhusiwa kamusi, nani anasahihisha, na naweza kurudia? Omba pia mfano wa swali la nyuma. Vyuo vingi huwa navyo na hutoa bila tatizo. Nashangaa wanafunzi wanavyokesha wakisoma mbinu za mtihani ambao si wao.

Nina wiki mbili tu. Kiingereza changu kitatengemaa?

Kwa wiki mbili, hapana, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu. Msamiati na sarufi huchukua muda mrefu kukomaa. Kinachoweza kubadilika kwa wiki mbili ni jinsi unavyolisoma swali, unavyopanga kabla ya kuandika, na unavyorudia kusoma ulichoandika. Bahati nzuri ni kwamba hayo matatu yana uzito mkubwa sana kwa msahihishaji, na ndiyo yanayovurugika kwanza saa inapoanza kwenda.

Andika insha moja kila baada ya siku mbili, kwa saa inayohesabu, bila kusimama. Iache ilale. Kesho yake mpe mtu anayesoma Kiingereza, usimwombe akusahihishie makosa, muulize swali moja tu: "Nimetetea nini hapa?" Akijibu kwa sentensi moja na ikawa ndiyo uliyokusudia, insha imesimama. Akianza kujiumauma, tatizo liko kwenye mpango, na hakuna sarufi itakayoliokoa.

Dakika 60 nizigawe vipi?

Dakika 10 hadi 12 za kusoma swali na kupanga, kama 40 za kuandika, zilizobaki za kusoma upya. Najua dakika 10 bila kuandika sentensi hata moja zinatisha, hasa jirani yako anapochapa kama mvua. Mwache achape. Anayeanza dakika ya pili mara nyingi hugundua anachoamini akiwa aya ya tatu, na kwa wakati huo aya ya kwanza imeshasema kinyume chake.

Utangulizi ukikugomea, usikae kuubembeleza. Andika sentensi moja ya msimamo wako, acha nafasi, ingia aya ya pili. Utarudi ukiwa unajua unatangulizia nini. Na zikibaki dakika 10 wakati aya ya mwisho haijaanza, kata hoja uliyonayo mahali panapoeleweka, andika sentensi mbili za kufunga, kisha soma yote tangu juu. Insha fupi iliyokamilika humpa msahihishaji cha kupima, kuliko ndefu iliyokatika njiani.

Naogopa kupewa mada nisiyoijua kabisa. Nisome nini?

Usisome chochote kwa ajili ya mada. Maswali haya hutungwa makusudi yaweze kujibiwa na mtu yeyote mwenye akili timamu aliyewahi kuishi na watu. Kinachokosekana kwa kawaida ni msimamo.

Chukua swali la aina hii, nimelitunga mwenyewe: "Watu wengi husema kushindwa humfundisha mtu kuliko kushinda. Je, unakubali? Tetea msimamo wako kwa sababu na mifano." Mtahiniwa wa kawaida ataanza: kushindwa kuna faida na hasara zake. Hapo ameshakwama, maana sentensi hiyo haina mtu wa kuipinga. Atataja faida, atataja hasara, na msahihishaji atafika mwisho bila kujua mwandishi anaamini nini.

Badala yake jiulize: kauli hii ni kweli lini, na si kweli lini? Aliyeanguka mtihani wa udereva huambiwa alikosea kupunguza mwendo kwenye kona au hakutazama kioo. Anarudi akijua cha kurekebisha. Aliyeomba kazi akanyimwa bila kuelezwa sababu anabaki kubahatisha, na pengine atabadilisha hata lile alilokuwa akilifanya vizuri. Wote wawili wameshindwa, lakini aliyejifunza ni mmoja. Sasa una msimamo: kushindwa hufundisha pale tu mtu anapoonyeshwa kosa lake na kupata nafasi ya kurudia.

Ona sentensi hiyo inavyokupa insha nzima. Kuonyeshwa kosa ni aya. Nafasi ya kurudia ni aya nyingine: dereva akiambiwa makosa yake yote kisha asiruhusiwe kamwe kujaribu tena, maarifa hayo yanamfaa nini? Aya ya tatu mpe mpinzani. Atasema wapo wanaojifunza peke yao bila kuelekezwa na mtu. Kweli, mpiga penalti huona mwenyewe mpira ukipita juu ya goli. Lakini hapo matokeo yenyewe ndiyo yaliyomwonyesha kosa, kwa hiyo hoja yako imesimama palepale, tena imeongezeka nguvu. Katika yote hayo hujahitaji takwimu wala kitabu.

Jambo jingine dogo linalowaangusha wengi: hesabu sehemu za swali. Likisema "unakubali, na ungemshauri nini kijana", hayo ni maswali mawili. Katika WritePlacer insha iliyotoka nje ya mada kabisa hupata sifuri, hata kama Kiingereza chake kinateleza.

Mwalimu wangu alisisitiza aya tano: utangulizi, hoja tatu, hitimisho. Bado inafaa?

Inafaa kama kiunzi cha siku ambayo akili imeganda. Haifai kama sheria. Ukiwa na hoja mbili zilizokomaa, ya tatu uliyoiokota ili kutimiza idadi itaonekana imeokotwa. Hitimisho nalo lisiwe utangulizi uliogeuzwa maneno.

Naweza kukariri utangulizi na kuubandika kwenye mada yoyote?

Unaweza, na utajulikana. Utangulizi unaofaa kila mada hausemi lolote kuhusu mada yako, na sarufi yake safi huonekana ya mtu mwingine mara aya ya pili inapoanza.

Mifano ya kubuni inakubalika?

Kisa cha "mtu fulani" kinakubalika, mradi kiwe kinachoweza kutokea. Utafiti wa kubuni, wenye asilimia na jina la chuo, ni uongo, na ni uongo usio na haja. Mfano wa maisha wenye undani hushinda takwimu yoyote ya kuokoteza.

Nafikiri kwa Kiswahili kwanza. Ni kosa?

Kupanga kwa Kiswahili si kosa hata kidogo. Kama hoja zinakujia haraka zaidi kwa Kiswahili, chora mpango wako hivyo kwenye karatasi ya rafu. Ila sentensi zenyewe zianze kwa Kiingereza, tena fupi. Anayebeba sentensi ndefu ya Kiswahili na kuivusha nzima huchoka katikati na kuiacha bila kiarifa.

Dakika za mwisho usisome kutafuta "makosa" kwa ujumla, hutayaona. Tafuta yale tunayoyafanya sisi. La kwanza ni "he" na "she": "yeye" wetu hana jinsia, kwa hiyo mama aliyeanza vizuri hugeuka baba kufikia mstari wa tatu. La pili ni "a" na "the", ambazo hatuna mazoea nazo, hivyo huachwa. La tatu ni ile "s" ya kitenzi cha nafsi ya tatu umoja wakati uliopo. La nne ni kurudia kiima: "my brother he went". La tano, ambalo naliona kubwa kuliko yote, ni kuunganisha sentensi kamili tatu kwa mikato. Kiswahili hulivumilia hilo, lakini kwa msahihishaji wa Kiingereza ni kosa la wazi. Weka nukta.

Soma mara moja kwa kila kosa katika yale unayojua ni yako. Inaonekana kazi kubwa, lakini ukurasa na nusu husomeka haraka.

Ni kweli insha husahihishwa na mashine? Basi niandike ndefu na maneno magumu?

WritePlacer husahihishwa na kompyuta, kwa alama 1 hadi 8, ukiacha ile sifuri ya aliyetoka nje ya mada, na matokeo hutoka upesi. Vyuo vingine huwapa walimu wao wasome. Kwa vyovyote vile ushauri haubadiliki. Urefu unaotakiwa kwenye WritePlacer ni maneno 300 hadi 600. Fupi mno haina pa kuonyesha hoja iliyokuzwa, lakini kuongeza maneno ili kujaza hakuongezi hoja. Vinavyopimwa ni lengo la insha, mpangilio, ukuzaji wa hoja, aina za sentensi, usahihi wa lugha na namna unavyofikiri. Neno gumu lililokaa vibaya linakuharibia viwili au vitatu kati ya hivyo kwa pamoja.

Chuo changu hutoa kifungu cha kusoma kwanza. Tofauti ni nini?

Ongeza muda wa kusoma. Soma mara mbili: mara ya kwanza ujue mwandishi anadai nini, mara ya pili uweke alama sentensi mbili au tatu utakazozishika. Muhtasari wako usizidi sentensi chache. Wengi hutumia nusu ya insha kusimulia kifungu ambacho msahihishaji ameshakisoma mara nyingi kuliko wao. Na ukisema hukubaliani, eleza kwanza kwa haki alichosema.

Nimepangwa darasa la chini na naamini nimeonewa. Nikubali tu?

Usikubali kabla ya kuuliza, wala usigombane. Uliza kama kurudia mtihani kunaruhusiwa na baada ya muda gani. Uliza kama alama zako za sekondari au za mtihani mwingine wa Kiingereza zinaweza kutumika badala yake. Katika vyuo vya jamii vya California, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili, sheria ya AB 705 iliyotiwa saini mwaka 2017 iliweka alama za sekondari mbele na kuupunguzia mtihani nguvu. Vyuo vingine humwachia mwanafunzi achague mwenyewe darasa baada ya kuelezwa yanavyotofautiana. Grand Valley State University, huko Michigan, ni miongoni mwa walioanzisha utaratibu huo miaka ya 1990.

Hayo yote yakishindikana, wiki ya kwanza ya masomo mwone mwalimu wa darasa ulilopangiwa. Walimu wengi huwapa wanafunzi kazi fupi ya kuandika siku za mwanzo, na akiona umepangwa vibaya anaweza kukuombea uhamishwe. Fanya hivyo mapema, maana dirisha la kubadili madarasa hufungwa haraka.

Mikono yangu inanisumbua, siwezi kuchapa haraka. Nitapewa muda zaidi?

Ndiyo, vyuo vya Marekani vinawajibika kisheria kuwapa nafuu wenye ulemavu, ikiwemo muda wa ziada. Lakini haitolewi mlangoni siku ya mtihani. Iandikie ofisi ya huduma za wanafunzi wenye ulemavu wiki kadhaa kabla, ukiambatisha barua ya daktari, na usikubali kupangiwa tarehe ya mtihani mpaka wakujibu.