Ukitakiwa kuifidia hoteli kwa "madai yote"

Assalamu alaykum, ndugu yangu. Umeeleza kwamba una boti mbili Nungwi, kwamba hoteli inataka uwachukue wageni wake kwenda Mnemba, na kwamba mkataba wao una kifungu kinachokutaka uifidie hoteli kwa "madai, hasara na gharama zote zitakazotokana na safari au kuhusiana nayo". Umeuliza kama kifungu hicho ni cha kawaida. Ni cha kawaida, lakini mimi kilinifanya niuze boti, na kwa hivyo nakuomba usitie saini kabla hakijabadilishwa.

Nilikuwa nikiwachukua wageni Kizimkazi kwa mkataba wa namna hiyohiyo. Asubuhi moja mgeni aliteleza kwenye ngazi za hoteli yenyewe alipokuwa akiteremka pwani, akavunjika mguu, na nahodha wangu alikuwa bado hajampokea. Mgeni alimdai wakala aliyemuuzia safari huko kwao Ulaya, wakala akaidai hoteli, wakapatana wao kwa wao bila ya kuniuliza, kisha hesabu yote ikaletwa kwangu pamoja na ada za mawakili. Hoja yao ilikuwa kwamba mgeni alikuwa akienda kwenye boti yangu, kwa hivyo ajali "inahusiana" na safari.

Nilidhani kwamba asiye na kosa halipi. Sheria ya mikataba ya Zanzibar, ambayo chimbuko lake ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, humtaka anayedai fidia kwa kuvunjiwa mkataba athibitishe kwamba mkataba umevunjwa na kwamba hasara imetokana na uvunjaji huo na si ya mbali mno nao. Ahadi ya kufidia ni jambo jengine kabisa, kwani hiyo ni ahadi ya kumwokoa mwenzako na hasara inayosababishwa na wewe mwenyewe au hata na mtu mwengine. Anayekudai hahitaji kuonesha kosa lako. Inamtosha kuonesha kwamba lililotajwa katika kifungu limetokea na kwamba amepata hasara.

Lililoniuma zaidi ni bima. Nilikuwa nimelipa kila mwaka, lakini kampuni ilinionesha sharti lililokuwemo tangu mwanzo: hailipi dhima, yaani wajibu wa kulipa, ambayo mtu amejitwika kwa mkataba tu, na ambayo sheria yenyewe isingemtwika. Sharti hilo limo katika bima nyingi za dhima, na wengi wetu hatulisomi.

Waombe kwanza kabisa kifungu kihusu uzembe wako na wa wafanyakazi wako peke yake, na maneno "kuhusiana nayo" yaondoke. Hilo ukilipata, mengine ni mepesi: kiwango cha juu kisichozidi kile ambacho bima yako inalipa, haki ya kuarifiwa mapema kabla hawajapatana na mdai, na hoteli nayo ikufidie kwa ajali za ngazi na majengo yake. Hoteli ninayofanya nayo kazi sasa ilikataa mwanzoni, ikakubali nilipoionesha kwamba ahadi isiyo na bima nyuma yake haitawalipa chochote siku ya msiba mkubwa, kwa sababu mimi sina fedha hizo.

Mpelekee wakili mkataba huo pamoja na waraka wa bima, avisome vyote viwili kwa pamoja.