Kwa mnaoanza kazi ya kupima samaki kwenye valvu za mabwawa

Wadogo zangu mnaoingia kazi hii huku Oregon na Washington, kwenye mabwawa ya mto Columbia na Willamette, kazi yetu ni kuona samaki wanaopita kwenye valvu, yaani mlango wa chuma unaotoa maji ya bwawa, wanapona wangapi, na kuna kitu kwenye mafunzo kinapitwa haraka sana. Samaki wa kulinganishia, yaani wale wasiopita kwenye valvu, ndo kazi yenyewe. Waliopita kwenye valvu kila mtu anawakodolea macho, ila bila hawa wengine namba zako hazisemi kitu.

Utaratibu uko hivi: salmoni mchanga anapewa dawa ya usingizi, anafungwa vile viputo vya HI-Z Turb'N Tag kwa pini karibu na pezi la mgongo pamoja na karedio kadogo ka kumtafutia, akishaamka vizuri unapiga maji kwenye kiputo kwa sindano, mle ndani kuna kemikali zikishika maji zinatoa gesi, kwa hiyo una dakika chache tu kumpitisha kwenye mpira wa maji mpaka kwenye mdomo wa valvu kabla kiputo hakijavimba. Akitokea chini anaelea, watu wa boti wanamuokota kwa wavu, anakaguliwa, anawekwa kwenye tenki masaa 48 maana wengine wanakufa kesho yake.

Sasa wa kulinganishia apitie yote hayo isipokuwa valvu. Dawa ile ile, pini ile ile, mpira wa aina ile ile, boti ile ile, anaachiwa tu upande wa chini. Inaniuma nikiona watu wanawashika hawa kwa upole kuliko wenzao, au wanawaachia wote jioni wakati wale wa valvu walienda asubuhi maji ya baridi. Tuseme kati ya 100 waliopita valvu wamepona 90, na kati ya 100 wa kulinganishia wamepona 95, basi unagawa 90 kwa 95, unapata kama asilimia 94.7. Hiyo 95 ya chini ya mstari, yaani ya wa kulinganishia, ukiichezea, jibu lote linayumba.

La pili ni presha, na hapa naomba mnisikilize sana. Kina cha mita 10 presha ni mara mbili ya juu ya maji, mita 30 ni mara nne, kwa hiyo samaki aliyezoea mita 30 akitupwa nje ghafla hewa kwenye kibofu chake cha kuelea inataka kutanuka mara nne. Wa kwetu wengi wametoka kwenye tenki za kina kifupi, kibofu kimezoea presha ndogo ya karibu na juu ya maji, anapita salama halafu ripoti inasema valvu haina shida, kumbe yule wa porini anayekaa chini kwenye bwawa angepasuka. Ulizeni mapema samaki wamezoeshwa kina gani, na wamezoeshwa kwa muda gani.

Kwenye kukagua usiandike "ameumia" tu. Mnyanyue kwenye mwanga utandaze pezi, ukiona vipovu vya hewa kati ya miiba yake, au jicho limetoka nje, hapo fikiria presha. Kifuniko cha matamvua kimekunjika kwenda mbele, au magamba yametoka upande mmoja, hapo fikiria maji yaliyomvuta au chuma alichogonga, maana valvu za koni, zile zenye chuma cha umbo la pia mdomoni, zina mbavu za chuma ndani. Na kila kundi andika valvu ilikuwa imefunguliwa kiasi gani na maji ya bwawa yalikuwa kimo gani, papo hapo pale pale, sio usiku ukishafika hotelini.