Daraja, kiungo au kiu?

SWALI: Nasomea Wing Chun, mchezo wa mapigano wa Kichina, na nawaandikia wenzangu mafunzo kwa Kiswahili. Mwalimu husema "kiu", neno la Kikantoni lenye maana ya daraja. Mwenzangu ameandika "kiungo", mimi "mkono wa daraja". Nani yuko sahihi?

JIBU: Nyote mmekaribia, ila hamjafika. "Kiu" mkiiacha ilivyo, msomaji atatafuta maji. "Kiungo" nacho kimeelemewa: ni goti, ni iliki, ni mchezaji wa katikati ya uwanja. Tena kwenye somo la mwili ndipo kitapotosha zaidi, maana msomaji atakwenda moja kwa moja kwenye kiwiko.

Wachina wa kusini, hasa Guangdong, wakisema "kiu" wanamaanisha nini? Mkono wangu ukikutana na wako, pale tulipogusana pamekuwa njia. Hapo nahisi kama unasukuma au unavuta, na hapo hapo napata pa kupitia kukufikia kifuani. Wana msemo: penye daraja pita juu yake, pasipo daraja jijengee. Kisha neno hilohilo likahamia kwenye mkono wenyewe, toka kiwiko hadi kifundo. Watu wa Hung Gar, mtindo mwingine wa mapigano wa huko kusini, huhesabu madaraja 12, mengine ya nguvu, mengine laini, na hapo wanazungumzia namna za kuutumia mkono huo.

Kiswahili kina neno lake kwa sehemu hiyo: kigasha. Halisikiki sana siku hizi, lakini lipo na linatosha. Kwa hiyo mguso uite daraja, na mkono uite kigasha. "Mkono wa daraja" uache, kwa sababu kwetu daraja ni cheo pia. Walimu wa shule hupandishwa daraja, na katika klabu ya watu wanaohesabu mikanda, "mkono wa daraja la pili" utasomwa vingine kabisa.

Vitenzi navyo vina kwao. Daraja hujengwa, huvukwa, hukatika. Ukiandika "alifunga daraja", msomaji ataona magari yamezuiwa. Andika hivi: "Vigasha vyetu vilipogusana, daraja likapatikana, alipouvuta mkono likakatika, nami nikampiga kifuani." Mchezaji yeyote ataelewa, na bibi yake pia.

Mtakwama kidogo kwenye Chum Kiu, ule mfululizo wa pili wa miondoko ya Wing Chun. Wengi huandika "chum" kwa herufi ya Kichina yenye maana ya kutafuta. Wengine hutumia ile ya kuzama. Kwa Kikantoni zote mbili hutamkwa sawasawa, hata toni ni moja, hivyo sikio halitawasaidia. Mimi ningeandika "kutafuta daraja", ndiyo tafsiri iliyozoeleka, na maana ya kuzama nikaitaja mara moja tu pembeni.

Na kifua cha mpinzani, kule daraja linakoelekea? Kumbukeni Darajani ya Unguja. Mkono wa bahari ulikwishafukiwa na daraja halipo tena, lakini upande wa pili wake mpaka leo unaitwa Ng'ambo. Andikeni "amefika ng'ambo".